MAFUTA YA MJANE, CHUNGU CHA MAUTI NA MIKATE YA MALIMBUKO

Fundisho juu ya chakula cha nyumbani na mavuno yanayokwenda sokoni

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7 na 4:38-44



Tunataka kusema nanyi juu ya chakula. Labda wengine watashangaa. Watasema: mashemasi waseme juu ya roho, habari ya mihogo na mahindi waachie wakulima. Lakini tufungue Matendo ya Mitume sura ya 6, tuone kazi ya ushemasi ilizaliwa wapi. Ilizaliwa katika manung'uniko juu ya chakula. Wajane wamoja walikuwa wanasahauliwa wakati wa kugawa posho ya kila siku. Mitume hawakusema kwamba jambo hilo ni dogo. Walichagua watu 7 wenye kujaa Roho na hekima, wakawawekea mikono juu ya jambo hilo hilo la meza. Basi shemasi anayehesabu sadaka na hajui kama chungu cha mjane jirani yake kimepanda motoni, huyo hajajua bado kazi aliyowekewa mikono.

Papa Simon Kimbangu, aliyefungwa miaka 30 na kufa hapa mjini kwetu tarehe 12 Oktoba 1951, ametuachia kanisa lenye maneno matatu ambayo hata mtoto wa shule ya Jumapili anayajua: Mapendo, Amri na Kazi. Watu wengi wanashika Mapendo kwa wimbo na Amri kwa midomo. Kazi inabaki mlangoni. Wazee wetu waliohamishwa kwa nguvu na serikali ya ukoloni, wakatupwa mbali kama vile Lowa kando ya mto Lualaba, waliishi kwa jembe katika nchi ya watu wasiowajua, na imani haikufa. Imani yao ilikuwa na shamba. Na imani yetu sisi ina nini?

Sura hii ya 4 ya Wafalme wa Pili inatupa habari tatu, zote za nabii mmoja Elisha, na zote za chakula. Tuzifuate moja moja.

I. SWALI LA NABII: UNA NINI NYUMBANI?

Mjane huyu alikuwa mke wa mmoja wa wana wa manabii. Bwana wake alikufa akiwa mcha Mungu, lakini aliacha deni. Mwenye kudai akaja kuchukua watoto wawili wa mama huyu wawe watumwa. Tuangalie vizuri, wapendwa: ilikuwa nyumba ya watu wa Mungu, si nyumba ya wapagani. Njaa na deni haviulizi kwanza kama umebatizwa.

Elisha hakumpa mama huyu feza. Hakumtuma kwa tajiri. Alimwuliza kwanza ana kitu gani ndani ya nyumba. Mama akajibu namna tunavyojibu sisi wote: hana kitu. Kiisha akakumbuka chupa moja ya mafuta. Muujiza wote ulitoka katika chupa ile aliyotaka kuisahau.

Mama zetu wengi wako hivyo. Ukiwauliza wana nini, watasema hatuna kitu. Lakini nyuma ya nyumba kuna lenga-lenga, kuna ngai-ngai, kuna matembele, kuna maboga na majani yake. Shambani kuna mihogo, na juu ya mihogo kuna sombe. Kuna kunde, karanga, viazi vitamu, njugu mawe. Wengine wangali na mbegu ya mtama na ulezi waliyopokea kwa bibi zao, imefungwa katika kitambaa juu ya moshi. Vitu hivi vyote tunaviita si kitu, kwa sababu havikufika katika mfuko wenye maandishi ya kiwanda.

Mtama, ulezi, kunde na njugu mawe ni mazao ya Afrika tangu zamani sana, kabla ya meli yo yote kufika. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika. Wareno walivileta pwani ya Kongo tangu karne ya 16, na babu zetu wakavilea mpaka vikawa vyetu. Hatusemi neno baya juu ya mahindi. Bukari ni chakula chetu. Lakini nyumba inayosimama juu ya nguzo moja, siku nguzo ile inaoza, watu wote wanalala nje.

Tutazame mji wetu wa Lubumbashi. Ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ya kutoka kusini ilipofika. Tangu siku zile za mwanzo unga mwingi wa wafanyakazi wa migodi ulitoka ng'ambo, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa inaitwa Zambia. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado macho yetu yanatazama Kasumbalesa. Magari yakipita, tunakula. Magari yakisimama, bei ya unga inapanda kabla jua halijashuka. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza kwamba ukame ni msiba wa taifa zima la Zambia. Serikali yake ilisema karibu hekta milioni 1 za mahindi ziliharibika, katika hekta milioni 2 na laki 2 zilizopandwa. Jirani akikosa chakula, ana haki kufunika chungu chake alishe kwanza watoto wake. Hakutukosea. Swali ni letu sisi, wenye udongo mwekundu, mvua ya miezi 5, na mito isiyokauka: tuna nini nyumbani?

II. UZA, LAKINI USIUZE CHAKULA CHA WATOTO

Mafuta yalipojaza vyombo vyote, mjane alirudi kwa nabii kuuliza afanye nini. Elisha akampa mambo matatu kwa mstari: auze mafuta, alipe deni lake, na yeye na watoto wake waishi kwa kile kitakachobaki. Tuyashike haya matatu kwa utaratibu wake, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinaanguka.

Nabii alisema kuuza. Kwa hiyo soko si dhambi. Mama anayeamka saa tisa ya usiku kubeba sombe mpaka soko la Kenya au la Katuba, yule anafanya kazi ya heshima mbele ya Mungu. Feza ya lenga-lenga imesomesha watoto wengi wa kanisa hili. Tunawaheshimu mama hao.

Nabii alisema kulipa deni. Mkristo asiyelipa anaharibu jina la Bwana. Hata mjane maskini hakusamehewa kulipa.

Lakini nabii alisema tena kwamba kuna kile cha kubaki, na kile ni cha kula yeye na watoto. Hapo ndipo tunafunga masikio.

Tunajua namna inavyokuwa vijijini. Mahindi yanavunwa mwezi wa 4 na wa 5. Wiki ile ile wachuuzi wanafika na magari. Kila mtu anauza, kwa hiyo bei iko chini. Nyumba inauza magunia 6, inauza 8, inauza hata yale ya mbegu. Kwa miezi miwili watu wanacheka, baba ana kitambaa kipya, redio inaimba. Mwezi wa 12 unapofika gala ni tupu, na mvua inataka mtu mwenye nguvu ya kulima. Mwezi wa 1 kila mtu ananunua, kwa hiyo bei iko juu. Mahindi yale yale yaliyotoka shambani kwako yanakurudia kwa mara mbili ya bei na zaidi, na wewe huna feza. Basi unakopa gunia 1 kwa mwenye mali, na wakati wa mavuno unarudisha magunia 2. Mwaka unaofuata unaanza tayari ukiwa na deni. Hii ndiyo njia ambayo mwenye kudai anafika mlangoni kuchukua watoto.

Msiseme ya kwamba habari ya watoto kuchukuliwa ni ya zamani. Katika Katanga yetu tunaona watoto wa miaka 9 na 10 wakiosha mawe ya madini na kubeba mifuko badala ya kwenda shuleni. Hakuna mwenye kudai aliyewafunga kamba. Ni chungu kitupu kilichowatuma. Ukiuza chakula chote cha nyumba mwezi wa 5, umeuza pia mwezi wa 1 wa shule ya mtoto wako.

Tupige hesabu pamoja, maana Yosefu huko Misri alikuwa mtu wa Roho na mtu wa hesabu. Katika Mwanzo sura ya 41 tunasoma kwamba aliweka akiba sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe. Hakungoja njaa ndipo aanze kuomba.

Nyumba ya watu 7 inapika labda kilo 3 za unga kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 90. Tukitia na pumba inayobaki mashineni, ni karibu gunia 1 la kilo 100 kila mwezi. Toka mavuno haya mpaka mavuno mengine ni magunia 12. Aliyevuna magunia 15, anaweka 12 ya kula, moja la mbegu, la wageni na la maskini, na anaweza kuuza 2 bila hofu. Aliyevuna magunia 8, huyu hana hata moja la kuuza, anapungukiwa 4. Lakini tumeona mara nyingi kwamba mwenye 8 ndiye anayetangulia kuuza, kwa sababu ndiye mwenye deni na ndiye mwenye haraka.

Ndugu wa magunia 8 afanye nini basi? Hatumwachi na maneno matupu. Auze vile vinavyorudi upesi, na ashike vile vinavyokawia. Lenga-lenga inakatwa baada ya wiki 3 au 4, na inaota tena. Matembele yanakatwa na kiazi kinabaki chini. Karanga zina bei nzuri kuliko uzito wake. Hivi viende sokoni. Mahindi yabaki gala. Na muhogo ni gala lisilo na mlango: ukikomaa unaweza kungoja udongoni mwaka mzima na zaidi, panya wa nyumbani hawaupati, mwizi anachoka kuchimba. Baba mwenye mistari michache ya mihogo ambayo hakuigusa mwezi wa 5, huyo mwezi wa 1 anatembea wima.

Tuwaambie pia wababa neno moja. Mara nyingi shamba ni la mama kwa jembe, kwa mbegu, kwa palizi. Lakini siku ya kuuza linakuwa la baba. Mama anasikia tu kwamba gari limepita. Elisha alimwambia mjane afunge mlango, yeye na watoto wake ndani, ndipo amimine mafuta. Jambo la chakula ni jambo la nyumba yote, mlango ukiwa umefungwa, si la mtu mmoja barabarani na mchuuzi. Baba asiuze hata kopo moja kabla ya kuketi na mama na kuhesabu miezi.

Na mahindi au mihogo inayouzwa kwa wapikaji wa lutuku, juu ya hayo hatuna maneno mengi. Kanisa letu linakataza pombe. Basi asiyekunywa lakini anauza nafaka ya kupikia pombe, na huku mtoto wa jirani analala na njaa, aulize dhamiri yake.

Tena juu ya vipimo. Amosi sura ya 8 inawahukumu wenye kupunguza kipimo na kuongeza bei. Kuna mchuuzi anayefika kijijini na ndoo iliyopigwa tako mpaka imevimba, inameza zaidi. Na huko sokoni anauzia kopo lililosukumwa ndani, linatoa kidogo. Vyombo viwili, mtu mmoja, na Jumapili anaimba katika kwaya. Mungu anaziona ndoo zote mbili.

III. MAUTI NDANI YA CHUNGU

Habari ya pili. Njaa ilikuwa katika nchi. Elisha aliagiza chungu kikubwa kipikwe kwa wana wa manabii. Mmoja akaenda porini, akaokota matango ya mwitu asiyoyajua, akayakatakata ndani. Walipoanza kula wakalia kwamba chunguni mna mauti. Yule mtu hakuwa mchawi. Hakuwa mwovu. Alikuwa na njaa na haraka, na hakujua.

Sikilizeni sasa jambo lililotokea katika nchi yetu wenyewe. Huko Kwango na Kwilu, katika sehemu iliyoitwa Bandundu, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Jina ni la Kiyaka. Dokta Giovanni Trolli aliandika juu yake tangu mwaka 1938. Mtu analala mzima. Kwa ghafula miguu inakakamaa, hawezi kutembea sawa tena, na hali hiyo inabaki maisha yote. Unashika sana watoto waliopita miaka 3 na mama walio katika umri wa kuzaa. Vijijini watu walisema ni uchawi. Wazee walishutumiwa, jamaa zikavunjika.

Lakini si uchawi. Muhogo mchungu una sumu ndani yake, na mama zetu wa zamani walijua namna ya kuitoa: kuloweka mihogo majini siku 3, kiisha kuanika vizuri juani. Barabara ya lami ilipofungua njia ya kuuza mihogo Kinshasa, wachuuzi walifika na magari yao, na bei ikawa nzuri. Wengine wakaanza kuloweka usiku 1 tu, ili mzigo uwe tayari gari likipita. Mihogo yote mizuri ilipanda gari, na kile kilicholowekwa haraka kikabaki pia kwa chakula cha nyumbani, bila samaki wala maharagwe ya kusaidia mwili. Watafiti waliofika huko mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, nchi ikiitwa Zaire, kati yao mtaalamu wetu Mkongomani Banea Mayambu, waliandika kwamba njia hiyo ya mkato, iliyoletwa na haraka ya soko, ilikuwa inaleta konzo. Hata Kivu ya Kusini wagonjwa wameonekana.

Tunapoeleza hivi hatuwashutumu mama wa Bandundu. Walitaka feza ya dawa na ya shule, kama wewe. Tunataka mwone: siku ile soko linapoamuru siku za kuloweka, mauti yameingia chunguni. Hatari haikutoka kwa adui usiku. Ilitoka kwa kukata siku 2.

Na Elisha alifanya nini? Hakumpiga yule aliyeokota. Hakutafuta mchawi katikati ya wana wa manabii. Aliomba unga, akautia chunguni, watu wakala salama. Nabii wa kweli anaponya chungu, hagawanyi jamaa.

Basi wamama, shikeni haya. Mihogo michungu ilowekwe siku 3, na wakati wa baridi wa mwezi wa 6 na wa 7 iongezwe siku, kwa sababu maji baridi yanakawiza kazi. Ianikwe mpaka ikauke kabisa. Kuna tena njia moja rahisi iliyofundishwa katika vijiji vya Kwango tangu mwaka 2010, kutoka kwa mwalimu wa Australia Howard Bradbury: chukua unga wa muhogo, uloweshe kwa maji, uutandaze mwembamba juu ya sahani kubwa au mkeka, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kiisha songa bukari siku ile ile. Sumu iliyobaki inatoka na hewa. Njia hii inasaidia ile ya kuloweka; haiondoi siku 3. Sombe nalo litwangwe vizuri na kuchemka muda mrefu. Na bukari ya muhogo isiliwe peke yake kila siku. Iwe na maharagwe, au kunde, au njugu mawe, au samaki ndogo. Muhogo unajaza tumbo, lakini haujengi mwili. Mbegu zile ndogo za bibi, tulizoziita si kitu, ndizo zinazojenga.

Na yule anayeuza, asiuze mihogo aliyoloweka usiku 1. Usiyowapa watoto wako, usimpe mtoto wa mjini.

IV. MIKATE YA MALIMBUKO

Habari ya tatu ni fupi na ina furaha. Mtu mmoja alitoka Baal-Shalisha, akamletea nabii malimbuko ya shamba lake: mikate 20 ya shayiri na masuke mabichi. Shayiri ilikuwa mkate wa watu wa chini, kama kwetu mtama au muhogo. Mtu huyu hakuona haya kuleta mbele ya Mungu kile udongo wake ulichotoa.

Sisi wa kanisa hili tungelijua jambo hilo zaidi ya wengine wote. Tarehe 6 Aprili 1971, siku ya miaka 50 tangu kazi ya Papa Simon Kimbangu ianze, Karamu Takatifu ya kwanza ilifanywa Nkamba. Mkate wake haukuwa wa ngano ya ng'ambo. Ulikuwa wa viazi, mahindi na ndizi; na mahali pa divai palikuwa na asali iliyochanganywa na maji. Wapendwa, kama Bwana amekubali kiazi na ndizi za Kongo juu ya meza yake, sisi ni nani tuvionee haya juu ya meza zetu? Kijana anayekataa bukari ya mtama kwa sababu ni chakula cha kijijini, siku ya Karamu anapiga magoti mbele ya nini?

Lakini tuangalie tena kile nabii alichofanya na mikate ile. Malimbuko yaliletwa kwake. Hakuyafungia chumbani. Aliamuru watu wapewe wale. Mtumishi akapinga: mikate 20 haiwezi kutosha watu 100. Wakala, wakabakiza.

Hapo tunasema kwa uwazi, na tunasema kwanza kwa sisi mashemasi na kwa wachungaji wetu. Kanisa letu linajua kutoa. Mashindano ya sadaka yamejenga mahekalu, shule na hospitali, na tunamshukuru Mungu. Lakini mama anayeuza kopo la mwisho la maharagwe ya watoto ili kundi lake lisishindwe mbele ya makundi mengine, sadaka hiyo inalia mbele ya Mungu. Katika Marko sura ya 7 Bwana Yesu aliwakemea wale walionyima wazazi wao chakula wakisema kwamba mali hiyo imekwisha kuwa wakfu. Mungu ana ng'ombe wote wa milima. Hataki kile kilichonyang'anywa kinywani mwa mtoto mwenye njaa. Leta malimbuko, ndiyo. Leta ya kwanza, ndiyo, kwa furaha, kama mtu wa Baal-Shalisha. Lakini nabii hakumwomba mjane wa mafuta alete hata chupa moja. Alimwambia aishi, yeye na watoto. Yule yule Elisha alipokea kwa aliye nacho na kumwachia asiye nacho. Na sisi tujue kutofautisha.

V. MAMBO TUNAYOOMBA PAROKIA ZIFANYE

1. Mwezi wa 5, kabla ya kuuza, kila nyumba iketi na kuhesabu miezi 12, baba, mama na watoto wakubwa. Kinachopita hesabu ndicho cha soko.

2. Kila nyumba iweke mbegu yake mbali na chakula: mahindi, kunde, njugu mawe, mtama, ulezi. Bibi wenye mbegu za zamani waitwe, waheshimiwe, wagawe kwa vijana.

3. Kila nyumba iwe na mistari ya mihogo isiyouzwa kabla ya mwezi wa 1, na mahali pa mboga nyuma ya nyumba, hata mjini, hata katika mifuko mizee yenye udongo.

4. Wamama wanaouza waende pamoja, watumie kipimo kimoja cha haki, na wapatane bei kabla gari halijafika. Mama mmoja kando ya barabara anapangiwa bei. Mama 20 wanapanga.

5. Parokia za vijijini ziweke gala dogo. Mavuno yakifika, kila nyumba iliyo nacho ilete kidogo. Mwezi wa 1 wenye njaa wakope hapo, na warudishe kilo kwa kilo, si gunia kwa magunia mawili. Riba juu ya njaa isitajwe katika nyumba ya Mungu.

6. Mashemasi wajue majina ya wajane, yatima na wagonjwa wa kila mtaa, na wafike nyumbani kwao miezi ya 12, 1, 2 na 3, si siku ya sikukuu tu. Katika malimbuko yanayoletwa, sehemu yao itoke kwanza.

Haya si mambo makubwa. Hayangoji serikali, hayangoji msaada wa ng'ambo. Serikali ina kazi yake: barabara, amani, mbolea, mbegu, na tunaidai haki yetu. Lakini mjane yule hakungoja mfalme wa Samaria. Alianza na chupa, mlango uliofungwa, vyombo vya kuazima kwa majirani, na watoto wawili wa kumsaidia. Tusisahau kwamba vyombo vilikuwa vya majirani. Mafuta yalisimama siku ile vyombo vilipokwisha. Kama majirani wangelimnyima vyombo, muujiza ungelikuwa mdogo. Ndugu, wewe nawe ni jirani wa mjane fulani. Huenda Mungu ana mafuta, anangoja chombo chako tu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, unayeleta mvua mwezi wa 11 na jua mwezi wa 5, tunakushukuru kwa udongo wa Kongo. Utusamehe kwa kuviita si kitu vile ulivyotupa. Uwape wababa moyo wa kuketi na kuhesabu. Uwape wamama nguvu na bei ya haki. Uwalinde watoto wasipelekwe kwenye mawe. Uwakumbuke ndugu zetu wenye konzo, uwape watu wa kuwasaidia kutembea. Uwakumbuke wale waliokimbia vita huko Mashariki, walioacha mashamba yao yakiwa na mavuno. Toa mauti katika vyungu vyetu, na utie humo unga wa uzima. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi ndugu zenu mashemasi, katika Mapendo, Amri na Kazi.